Usicheze na Wavulana

Alama ya kwanza niliiona Jumatatu: nukta ya kalamu ya bluu kwenye futi yangu ya kupimia, inchi ya ishirini na nne. Kufikia Alhamisi zilikuwa nne, zimebanana. Mimi ni fundi cherehani, na futi yangu haichezewi. Kiuno cha inchi ishirini na nne humu ndani ni kimoja tu, cha mwanangu wa miaka kumi na tatu, ninayemwita Kifungo.

Nikajiambia anapima sketi ya shule. Moyo ukakataa. Wiki tatu alikuwa akibakiza chakula, na mara mbili aliniuliza kama sketi ile inaweza kufumuliwa kiunoni. Niliogopa hata sindano ikanichoma nisisikie, mpaka nilipoona damu kwenye kola ya shati la mteja.

Nikaingia chumbani kwake nikapekua, na sioni haya kusema. Chini ya godoro nilikuta karatasi iliyokunjwa, na ndani yake vidonge vitatu vyeupe visivyo na jina. Nikakaa sakafuni.

Aliporudi kutoka shule, shikamoo yake ilikatikia mlangoni. Alikuwa ameviona vidonge juu ya cherehani.

"Umevimeza?"

"Bado, mama. Ningevimeza Jumamosi, ukienda kununua vitambaa."

"Kakupa nani?"

"Dada mmoja wa darasa la juu. Alisema vinatoa."

"Vinatoa nini?" Jibu nilikuwa nalo, nikauliza hivyo hivyo.

"Mimba."

Mkono uliinuka wenyewe. Niliushusha kwenye gurudumu la cherehani nikaling'ang'ania. "Ya nani? Mtaje."

"Wako wengi," akasema, akaanza kulia.

Nilidhani nitakufa pale pale. "Wengi?"

"Kama sita. Walikosa golikipa, mama. Nilidaka siku moja tu, mmoja akaniangukia. Na wewe ulishasema."

"Nilisema nini?"

"Siku ile nilipoona damu. Ulinipa pedi, ukaniambia, sasa umekua, ukicheza na wavulana utapata mimba. Ukatoka, ukafunga mlango."

Ni kweli nilisema. Maneno saba, nikajiona nimemaliza kazi, mimi ambaye suruali ya mtu naipima mara mbili kabla ya kuikata. Kicheko kilinipanda, nikatazama vile vidonge, kikaisha. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Kama asingesahau kufuta kalamu yake kwenye futi, ningerudi na vitambaa vyangu nikute nini?

"Mpira hauleti mimba," nikamwambia.

"Sasa inaletwa na nini?"

Husemwa mficha uchi hazai. Mimi nilificha hata jina lake, na nilizaa. Nikavuta kigoda nikamweleza. Nilitaja uke na uume kwa majina yake, ulimi mzito kama wa mlevi. Nikamwambia na lingine: mtu yeyote akimgusa asivyotaka, aje aniambie, hata kama mtu huyo namwamkia.

Alifuta makamasi kwa kipande cha bitana, na sikumgombeza.

"Na wewe bibi alikueleza hivi?"

"Bibi yako aliniambia nisicheze na wavulana."

"Ukacheza?"

Hofu ikanirudia upya, na hii ilikuwa ya zamani, ya miaka kumi na minne. Ningeweza kumdanganya. Nilishajiandaa kumdanganya maisha yote.

"Sikucheza nao hata siku moja," nikasema. "Aliyenipa mimba yako hakuwa mvulana. Alikuwa mtu mzima, mpangaji wetu. Na hatukucheza."

Kifungo aliinuka akaenda mlangoni, na mimi nikajua nimempoteza. Akaufunga mlango kwa ndani, akarudi, akakaa chini karibu na magoti yangu.

"Niambie yote," akasema.