Kidari cha Sakaya

Mwaka ambao reli ilifika Moshi, Bwana Yakobo aliwatangazia watu waliokuwa wakiishi katika shamba lake kando ya mto Usa kwamba wahame wote. Alitaka kupanda kahawa mpaka ukingoni mwa mto. Aliwapa siku ishirini. Lemburis alizimaliza siku tatu amekaa tu mlangoni kwake, na ya nne akamwambia binti yake, "Nitamchinja yule ng'ombe. Nitakwenda kwa kaka."

Nashipae aliacha kufagia.

Kaka huyo, Sakaya, aliishi Kimandolu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, na ndugu hao wawili walikuwa hawajasalimiana kwa miaka kumi na miwili. Nashipae alikijua kisa kama baba yake alivyomsimulia. Wadachi walipokuwa wakijenga ngome yao Arusha, askari walipita kila boma wakichukua mwanamume mmoja wa kubeba mawe. Katika boma lao zamu ilikuwa ya Lemburis. Alfajiri akatorokea nyikani, na askari wakamchukua Sakaya. Alibeba mawe na chokaa kwa miezi mitano. Aliporudi alisema mdogo wake asikanyage tena pale nyumbani.

Lakini migomba aliyoiacha Lemburis kule Kimandolu ilikuwa bado ipo, na mwenye neno juu ya kipande hicho cha ardhi alikuwa Sakaya peke yake. Kama angemkataa, baba na binti wangebaki bila mahali pa kulaza ubavu.

Njia ya kupatana ilijulikana. Mkosaji huchinja, kisha humpelekea kidari yule aliyemkosea, mbele ya wazee. Akikipokea na kukila, maneno yameisha.

Ng'ombe akachinjwa. Majirani wakapewa mafungu yao, na jioni Lemburis alimletea binti yake kidari, kikubwa, chenye mafuta, kimefungwa kwa majani ya mgomba.

"Kipike," alisema. "Kesho kutwa tunampelekea."

Hakueleza kipikwe vipi. Nosim, mama yake Nashipae, alipokufa kwa ndui, Nashipae alikuwa na miaka minane. Mwaka uliofuata aliingia jikoni kwa Bibi Lidia, mke wa Bwana Yakobo, na tangu hapo huko ndiko alikolelewa. Aliijua nyama kwa jinsi inavyoiva. Wanaume wanapokaa chini na kugawana, nani anapewa kipande gani na kwa nini, hakuwahi kuona.

Jambo moja alilijua kutoka kwa Simaloi, mke wa Sakaya. Walikutana sokoni mwezi uliopita, na huyo mama mkubwa alimnong'oneza, "Baba yako mkubwa siku hizi hatafuni. Anamumunya ndizi kama mtoto. Akipewa nyama anaizungushazungusha mdomoni, halafu anaitema kiganjani watu wasione."

Ndiyo maana usiku ule Nashipae hakulala vizuri. Akilini alimwona Sakaya akipokea kidari mbele ya wazee wenzake, akishindwa kukila, na upatanisho ukikwama pale pale kwenye fizi. Kabla hakujakucha alikuwa amepata la kufanya.

Bibi Lidia na watu wake walikuwa Wadachi waliotoka Urusi, watu wa gauni jeusi na sala ndefu kabla ya kijiko cha kwanza. Mama yake Bibi Lidia alikuwa ameishi nao mpaka alipokufa, kibogoyo kabisa, na chakula alichokipenda kilikuwa kimoja: nyama iliyosagwa na tambi za mayai, vimepangwa ndani ya chombo kimoja na kuokwa. Nashipae ndiye aliyekuwa akimpikia.

"Nikuombe mashine ya nyama, Bibi, na tanuri," alisema asubuhi ile.

"Ya kumpikia nani?"

"Baba yangu mkubwa. Hana meno."

Bibi Lidia alifuta mikono kwenye aproni. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Chukua na unga wa ngano. Chukua mayai sita. Mungu anaona, Nashipae. Mimi nilimwambia mume wangu awaache nyinyi wawili mbaki. Hakusikia."

"Mwambie tena."

"Nimeshamwambia," alisema Bibi Lidia, akatoka kwenda kuangalia kuku.

Nashipae aliuchanganya unga na mayai na chumvi, akaukanda mpaka ukawa mgumu kama sikio. Akausukuma ukawa mwembamba, akaukunja, akaukata vipande vyembamba, akavitandaza juu ya kitambaa cheupe vikauke. Kisha akakichukua kidari. Alikitoa kwenye mfupa, akakikata vipande, akavitia kwenye mashine na kuzungusha mkono wa chuma. Nyama ikatoka upande wa pili kama uzi mwekundu. Mifupa aliichemsha saa nyingi apate mchuzi mzito, kwa sababu kule kwa Bibi Lidia walitumia maziwa na malai, na Nashipae alijua kwamba kwa mila Sakaya hawezi kula nyama na maziwa siku moja. Hilo alilikumbuka. Alijisifu moyoni kwa kulikumbuka.

Alikaanga nyama na vitunguu mpaka ikawa kahawia, akatia pilipili manga. Akapanga tambi zilizochemshwa, juu yake nyama, tena tambi, tena nyama, akamwagia mchuzi, akanyunyiza makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa mafuta ya kidari chenyewe. Chombo kilikuwa cha chuma chenye mfuniko. Kilipotoka tanurini kilikuwa kinatokota pembeni, na harufu yake iliwafanya hata wachunga ng'ombe wa Bwana Yakobo wasimame nje ya dirisha.

Kesho yake wakaondoka kungali giza. Chombo kilikuwa kichwani kwa Nashipae, kimefungwa kwa kanga.

"Kinanukia vizuri," alisema Lemburis njiani.

"Atakila chote, baba. Utaona."

"Hukukiunguza?"

"Mimi? Niunguze kidari cha baba mkubwa?"

Lemburis akacheka, na Nashipae, ambaye hakukumbuka lini alimsikia akicheka, akaongeza mwendo.

Wazee wanne walikuwa wamekaa uani kwa Sakaya. Sakaya mwenyewe alikuwa juu ya kigoda, shuka imefunika mdomo. Nashipae aliinama, na baba yake mkubwa akamwekea kiganja kichwani kama inavyotakiwa. Kiganja kilikaa pale muda kuliko alivyotegemea.

"Umekuwa mkubwa," alisema Sakaya. "Umefanana na Nosim."

Kisha Lemburis alipiga magoti. Alisema alichokuja kusema, kwa sauti ndogo: kwamba alikimbia, kwamba mzigo ulikuwa wake, kwamba amekuja na kidari. Mzee Parsimei, msemaji wa wazee na mwenye shamba linalopakana na ile migomba ya Lemburis, alisema, "Sawa. Tukione."

Nashipae akafungua mfuniko.

Parsimei aliinuka nusu, akachungulia ndani.

"Kidari kiko wapi?"

"Ndicho hicho, mzee," alisema Nashipae. "Nimekisaga."

"Umekisaga." Parsimei aliwageukia wenzake. "Jamani, nyama hii imekufa mara mbili! Na hawa minyoo wa njano ni wa nini?"

Wazee wakacheka. Mmoja alisema labda ni utumbo wa Mdachi. Lemburis alikuwa bado amepiga magoti, na alikuwa anakitazama chombo kama mtu anayetazama nyoka aliyemleta mwenyewe.

"Ni tambi," alisema Nashipae haraka. "Ni laini. Nilisikia baba mkubwa anapata shida na... nikaona nimrahisishie. Hahitaji kutafuna."

Kicheko kilikatika. Sakaya aliishusha shuka taratibu, na kwa mara ya kwanza Nashipae aliuona mdomo wake. Mdomo wa juu ulikuwa na kovu refu lililouvuta upande, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Baba yako amekwambia meno haya yalikwenda wapi?"

"Hapana, baba mkubwa."

"Askari alinipiga kitako cha bunduki siku ile ya kwanza. Aliniuliza, mdogo wako yuko wapi? Nikasema sijui. Akapiga. Akauliza tena. Nilikuwa najua, mwanangu. Nilijua hata mti aliolala chini yake." Aligusa kovu. "Yale ya mbele yalibaki pale pale. Ya nyuma yameoza moja moja."

"Kaka," alisema Lemburis.

"Nilikuwa ninangoja kidari. Kizima, na mbavu zake, wazee hawa wakione kimeshikwa na mkono wako. Ningekishika mbele yao, ningekata kipande, ningejua la kufanya nacho. Badala yake umeniletea nyama iliyotafunwa. Mtoto mchanga ndiye anatafuniwa na mama yake. Umekuja kuwaonyesha hawa kwamba wewe una meno."

"Si yeye!" Nashipae alisema. "Ni mimi. Yeye hakujua!"

"Msichana anasema baba hakujua," alisema Parsimei. "Basi ameleta kidari ambacho hata hakukitazama."

Sakaya alisimama. "Kidari hakijafika kwangu," alisema, ili wazee wote wasikie. Akaingia ndani.

Baba na binti walipofika kwenye kijito kilichoko chini ya boma, Lemburis alikaa juu ya jiwe. Chombo kilikuwa bado kimejaa.

"Ulijua kuhusu meno," alisema Nashipae.

"Nilijua."

"Miaka yote hii unanihadithia mawe na chokaa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenitazama kama unavyonitazama sasa."

Nashipae alipiga magoti kando ya kijito. Alinawa uso kwenye maji baridi ya mlimani. Alipoinua kichwa alimwona Simaloi akishuka mteremko, anageuka nyuma kila hatua.

"Nipeni hicho chakula," alisema mama mkubwa.

"Amekiomba?" Lemburis aliruka kusimama.

"Hajakiomba. Nilimwona anameza mate, mfuniko ulipofunguliwa." Alikichukua chombo akakificha chini ya nguo. "Ngojeni hapa."

Wakangoja. Jua lilipita juu ya migomba likaanza kushuka. Lemburis alitembea huku na huku, akisema kaka akila, basi amekula, kidari ni kidari, hata kikiwa unga. Wazee wataitwa tena. Mahindi ya mwaka huu yatapandwa hapa. Nashipae alimsikiliza, na yeye pia akaanza kuamini.

Simaloi alirudi na chombo kitupu. Kilikuwa kimekombwa mpaka pembeni.

"Amekula chote," alisema. "Alinifungia mlango nikiwa nje. Nilichungulia kwenye ufa. Alikuwa anakula analia. Ni miaka miwili sijamwona ameshiba nyama."

"Na shamba?" Lemburis aliuliza.

Simaloi alitazama maji. "Parsimei alimfuata ndani mlipoondoka tu. Alimwambia kama mdogo wake hana haki nalo tena, kwa nini lilale bure, na mume wangu akampa. Wamekwisha kuweka mpaka, wale wazee wote wakiona. Ilikuwa kabla sijampelekea chakula."

"Lakini amekula."

"Amekula gizani, shemeji. Lile neno la kukataa alilisema nje, mbele ya wazee. Ukimtaka atoke aseme amekula, itabidi aseme pia kwamba alikula vile vilivyotafunwa. Hatasema. Ameniambia mimi nisimwambie mtu, hata nyinyi."

Lemburis aliokota fimbo yake. Hakuaga. Alianza kupanda njia ya kurudi Usa, kwenye nyumba ambayo angepaswa kuibomoa mwenyewe kabla siku ishirini hazijatimia. Nashipae alichukua chombo amfuate, lakini Simaloi alimshika mkono.

"Nifundishe."

"Nini, mama mkubwa?"

"Kukipika. Sitaki arudi kwenye ndizi."

Nashipae alimtazama mgongo baba yake, ukizidi kuwa mdogo kati ya migomba. Kisha akachuchumaa, akafuta mchanga kwa kiganja, kana kwamba ni meza ya Bibi Lidia.

"Unga wa ngano," alisema. "Upo kwenye duka la Mhindi, karibu na ngome. Vikombe viwili. Mayai manne."

"Mayai ya kuku? Wazee wetu hawali mayai. Akijua atanifukuza."

"Asijue. Ukande mpaka uwe mgumu kama sikio. Usukume kwa chupa. Ukate mwembamba, uache ukauke."

"Na nyama? Sina mashine."

"Kwa kisu. Kata, geuza, kata tena. Ukidhani umemaliza, anza upya." Alifuta mchanga tena kwa kiganja. "Mchuzi uwe wa mifupa. Maziwa usitie."

Simaloi alirudia yote kwa sauti ya chini, akikunja kidole kwa kila jambo. Lemburis aliita kutoka juu, mara moja tu.

"Na siku akiniuliza nimefundishwa na nani?"

Nashipae alijitwika chombo kitupu.

"Mwambie ni Mdachi," alisema.