Varali Uso kwa Uso

Mwalimu Ramabhadran alitoka jikoni akiwa bado anaimba, akaketi mkekani mbele ya mwanafunzi wake Kothai, magoti yao yakikaribia kugusana. Mikono yangu iliganda juu ya ngoma.

Hapa Kumbakonam, kusini mwa India, hakuna asiyejua: raga zote, yaani mipangilio ya sauti tunayoimbia, hufundishwa uso kwa uso isipokuwa Varali. Mwalimu akimfundisha mwanafunzi raga hiyo ana kwa ana, uhusiano wao hukatika. Kwa hiyo mwalimu hujifungia chumba kingine, akaimba kana kwamba yuko peke yake, naye mwanafunzi akaiba anachoweza kupitia ukutani. Mimi niliyesoma fizikia shule ya jioni, baada ya zamu za kiwandani, nimeicheka desturi hiyo miaka mingi. Sauti ni mtikisiko wa hewa, nilizoea kusema; hewa haina kinyongo na mtu.

"Mwalimu, rudi ndani!" Kothai aliziba masikio. "Nitaipata tu hukohuko ukutani!"

"Utaipata lini? Sauti ya tatu unairusha juu kama mtu aliyeona panya. Ishushe, iegemee ya pili. Toa mikono masikioni, mwanangu."

Mkewe, Kamakshi, alitokeza mlangoni, mikono imejaa unga wa mchele. "Mzee, umerukwa na akili? Huyu ndiye anayekusomea, ndiye anayekushika mkono kwenda kwa daktari!"

"Ndiyo maana," alijibu.

Tukaelewa, sote kwa pamoja. Chuo cha muziki cha Chennai kilikuwa kimemwita Kothai akafundishe huko. Alikataa. Walipomwita tena, alikataa tena: hawezi kumwacha mzee na macho yake yaliyofifia. Tulimsihi, tukamgombeza, wapi!

Kothai alinigeukia. "Mjomba, si wewe husema ni upuuzi? Mwambie basi! Sema!"

Nilifungua kinywa. Fizikia yangu yote ilikauka ulimini.

"Ramabhadran," nilisema hatimaye, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtu anayeomba, "inatosha, ndugu yangu."

Hakunisikia, au hakutaka. Aliimba tena, polepole, akimwonyesha kwa kiganja jinsi sauti inavyoshuka. Kothai alikuwa analia, lakini koo lililozoea kumfuata mwalimu tangu utotoni likamfuata. Sauti ilitua pale pale. Niliona uso wake ukishtuka: alijua ameipata.

Mwalimu aliinuka kwa shida, akaunganisha viganja kifuani kama tunavyomsalimu mgeni.

"Umeimba vizuri sana, dada," alisema. "Wazazi hawajambo? Mnakaa mbali na hapa?"

"Kamakshi, mgeni apewe kahawa."

Kothai, aliyejua kila chombo cha nyumba ile, aliipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama, hajui aketi wapi.