Diwa Katoka Matangani, Kaenda Wapi?

Haya kanieleza mjukuu wangu Jovelyn Jumapili iliyopita, tumetoka misa, mimi nachambua mchele. Jovelyn ana saluni hapa Jaro. Alizaliwa mvulana, akawa mwanamke mbele ya macho yetu, na mtaa ulishamzoea kabla sijamaliza kuota mvi.

Sasa Crisanto, kijana wa hapahapa anayetunga michezo ya kompyuta huko Manila, alimjia na karatasi. Mchezoni mwake kamtia mwanamke kama Jovelyn, jina lake Diwa, na alitaka Jovelyn atie saini kwamba katungwa sawasawa.

"Wasichana kama mimi wakiliona jina langu wataamini, Lola," kaniambia; Lola ndiyo bibi kwa lugha yetu. "Wakidanganywa, nimewadanganya mimi."

Basi akaucheza wote hapohapo saluni, mteja kakaa na dawa kichwani.

Ulimwengu wenyewe sasa! Wafalme saba, kila mmoja na nasaba ya kurasa ishirini, shamba la mpunga hakuna hata moja. Wanakula majina ya babu zao? Mto unapanda mlima. Na Diwa, kila anayekutana naye anamsimulia alivyozaliwa, hata muuza samaki aliyemlea! Mwisho anakufa, ili shujaa apate hasira ya kunyanyua upanga.

"Inaliza watu, dada," Crisanto akasema.

"Hata kitunguu kinaliza."

Mteja akacheka mpaka dawa ikamchuruzika shingoni.

Jovelyn akarudisha picha nyuma. Diwa anatoka kwenye matanga ya jirani, anafungua mlango wa mama yake.

"Hapa kaenda wapi?"

"Kwao."

"Moja kwa moja? Kampelekea mama yake mauti mpaka kitandani?"

Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anajua: ukitoka matangani unapitia pengine kwanza, kifo kikupotee njiani.

"We ulipotoka matanga ya mjomba wako, ulipitia wapi?"

Akajikuna shingo. "Hapa."

"Nilikusimulia nilivyozaliwa?"

"Hapana. Ulinipa kahawa. Ukaninyoa. Ukasema nimekonda kama ufagio."

"Basi huyo ndiye mwanamke. Umemwona kwa macho yako, ukaenda Manila kuchonga sanamu ya kulilia!"

"Lakini hiyo si hadithi, dada."

"Na mimi si muhuri."

Akamrudishia karatasi vilevile, bila saini, akaenda kumsuuza mteja, maana dawa ilishaanza kumwasha.

Nikamuuliza, hajuti? Jina lake lingesomwa dunia nzima.

"Lola, jina lenyewe nililitafuta miaka mingi. Nikamkopeshe mtu asiyejua hata kutoka matangani?"

Akajinyoosha kwenye benchi. Nikaenda kuinjika mchele. Niliporudi kashalala, mdomo wazi, viatu mguuni. Nikamvua.