Kata Simu, Mzee

...na kama angemwaga chai, si kikombe kizima, kidogo tu, pale kwenye aya ya mwisho, nani angemlaumu, mikono huteleza, lakini baba mkwe ameshalishika gazeti kwa mikono miwili kama alivyokuwa akishika kitambaa enzi zake za cherehani, amelinyoosha, na sasa anaisoma safu ya mkwewe kwa sauti, neno kwa neno, akitua kwenye kila mkato, kama afanyavyo kila Jumamosi akija kuwatembelea, “‘Kata simu, mzee,’” anasoma kichwa, anacheka mpaka miwani inashuka, “leo umewaweza, mwanangu!”... amewaweza akina nani, na mzee mwenyewe ndiye huyuhuyu, kakaa kwenye kochi lake, na biskuti yake mkononi... alimficha, au alidhani amemficha, kwenye safu alimwita ‘jirani mmoja’, akampa upara na baiskeli, kwa sababu Alhamisi ile hakuwa na mada, mhariri amesimama mlangoni akitazama saa, na simu ya baba mkwe ikalia, saa sita na nusu kama kila siku, mmekula nini huko, watoto hawajambo, kisha kimya, pumzi tu, mtu hana la kusema na kukata hataki, na yeye badala ya kusema lolote akaanza kuandika, Mungu amsamehe, simu ikiwa bado sikioni... “Baba, sukari vijiko vingapi?” mkewe anauliza kutoka jikoni, mkewe ambaye hajaisoma bado, akiisoma kochi hili litakuwa kitanda cha mtu, “Viwili! Njoo usikie vituko vya huyu mzee! ‘Hupiga kila siku saa ileile, bila sababu ya maana, na kwa kweli ni kero’... kero hasa, yule kinyozi wangu wa zamani yuko hivyohivyo, hajui kwamba watu wana kazi,” na mwandishi anatikisa kichwa, ndiyo baba, kinyozi, vinyozi wana tabu... kero, alianza na usumbufu, mhariri akasema halina makali, akaweka kero, dakika nzima haikupita, wakati wiki iliyopita tu, mabomba yamekauka wiki tisa, alikaa mchana kutwa akitafuta neno lisilomuudhi mkurugenzi wa maji, akapata changamoto, akaona bado kali, akaitanguliza inasemekana, inasemekana kuna changamoto, naye hajaoga, kiuno kinamuuma kwa kupandisha ndoo ghorofa ya tatu... neno la pamba kwa mtu asiyemjua hata kwa sura, na neno la kisu kwa huyu aliyemshonea suti ya harusi, akaifumua kiunoni mara mbili, na mpaka leo hajamwambia mtu, hata binti yake, kwamba bwana harusi alikuwa akinenepa kwa hofu... huo ndio uangalifu wa maneno, si ule anaofundisha yeye kwenye semina za waandishi... “‘Na ukimuuliza anataka nini hasa...’” hapo, ndipo hapo, baada ya hapo kuna maneno ya mzee mwenyewe, aliyowahi kumwambia kwenye simu, hakuyabadilisha hata herufi kwa sababu yalikuwa mazuri mno, ‘nilitaka tu kuwasikia mnavyopumua’, akifika hapo atajua, na atacheka bado, kwa adabu, kisha hatapiga tena... hatapiga tena, kama Jumanne, saa sita na nusu simu kimya, saa saba kimya, mwandishi akaitazama, akaitikisa, akaulaumu mtandao, hakuweza kuandika mstari, mpaka saa tisa mzee akapiga akiongea kama mtu aliyejaza pamba mdomoni, alikuwa kwa daktari wa meno, na yeye akamjibu kwa mkato kwamba ana kazi, ila moyo ulimtua pwaa... basi si kinyozi, hatamsingizia kinyozi wala kumwaga chai, kuna kile kisanduku cha masahihisho ukurasa wa pili, wanamowaomba radhi wakurugenzi waliokosewa vyeo, atakiomba, katika safu ya Jumamosi palipoandikwa kero pasomeke... pasomeke nini, maneno yote ya miaka kumi na minne ya kuandika safu yamemkimbia, pasomeke siku asipopiga mwandishi hafanyi kazi, hivyohivyo, bila inasemekana... “Baba,” anasema, “huyo mzee...” “Ngoja kwanza, mwanangu, usinimalizie utamu,” anasema baba mkwe, anapandisha miwani, na kidole chake kinashuka mstari mmoja.