Swali la Kumi na Moja

Katika ofisi za Baraza la Jimbo walimwita Bi Koma, na jina lilimganda kwa sababu alilistahili. Alikuwa afisa utafiti wa Kamati ya Uchumi na Mipango, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na ilikuwa nadra karatasi kupita mezani kwake ikatoka bila alama ya kalamu nyekundu. Kazi yake ilikuwa kusoma kila mpango ambao serikali ya jimbo ilileta barazani, kisha kuwaandalia wajumbe maswali ya kuuliza. Kuna waliosoma maswali hayo neno kwa neno. Siku moja mjumbe mmoja alisoma mpaka maelekezo aliyoandikiwa pembeni: "Hapa nyamaza, msubiri ajibu."

Mwaka huo serikali ilileta Mkakati wa Uchumi wa Miaka Kumi, kitabu cha kurasa mia tatu na ushee. Aliyesimamia uandishi wake alikuwa mkurugenzi wa Idara ya Mipango, na mkurugenzi huyo alikuwa mjomba wake Bi Koma, kaka wa mama yake tumbo moja. Baba alipofariki, Bi Koma akiwa darasa la tano, mjomba ndiye aliyewachukua, mama na mtoto, wakakaa kwake miaka tisa. Hesabu za sehemu alifundishwa na mjomba huyo, kwa vipande vya gazeti vilivyokatwa kwa mkasi sakafuni sebuleni.

Undugu huo haukuwa siri. Bi Koma mwenyewe aliujaza kwenye fomu, akampelekea mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mkunga mstaafu, ambaye alipenda kusema kwamba nusu ya wajumbe wa baraza aliwazalisha yeye na baadhi yao hawajaacha kulia tangu siku hiyo. Aliisoma fomu, akaisukuma pembeni.

"Jimbo lenyewe hili kiganja," alisema. "Nikianza kuwatoa wenye ndugu serikalini, nitabaki na mlinzi wa getini. Wewe soma kama unavyosoma siku zote."

Akasoma. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, akafika kiambatisho cha sita, mahudhurio ya vikao vya maoni. Sheria ilitaka kila mtaa utakaoguswa na mkakati usikilizwe kwanza, na mitaa hiyo ilikuwa kumi na minne. Alikuwa akipitisha rula mstari kwa mstari, kama kawaida yake, alipofika karatasi ya mtaa wa kumi na mbili, mtaa wa maseremala. Majina alikwishayaona. Akarudi nyuma mpaka karatasi ya mtaa wa saba. Yalikuwa majina yaleyale, kwa mpangilio uleule, sahihi zilezile, na doa la kikombe cha chai katika kona ileile. Kilichotofautiana ni kichwa cha juu tu.

Akafungua ukurasa wa mia na themanini na nane. Karakana zote za maseremala zingehamishiwa eneo jipya la viwanda, kilomita kumi na nane nje ya mji, "kwa ridhaa ya wahusika."

Akaandika swali la kumi na moja: Mkurugenzi aeleze kikao cha mtaa wa maseremala kilifanyika lini, wapi, na nani alikiongoza. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka minane ya kazi. Alichapa orodha ya maswali, akavuka ua, akapanda ngazi za Idara ya Mipango, akaiweka mbele ya mtu atakayeulizwa.

Mjomba alisoma polepole. Alipofika swali la kumi na moja hakujifanya kushangaa.

"Hakikufanyika," alisema. "Tulipanga mara mbili. Mara ya kwanza mvua, daraja likafungwa. Mara ya pili gari likachukuliwa na wakubwa asubuhi ileile. Na mkakati ulitakiwa mezani Ijumaa."

"Na ile karatasi?"

"Niliinakili mimi, kwa mkono wangu. Sikutaka kumwingiza mtu mwingine." Akaikunja orodha katikati, akaikunjua. "Nimebakiza miezi saba nistaafu, mpwa wangu. Mwakani kuna mapitio ya mkakati, wale mafundi watasikilizwa kwanza kabla ya mtu yeyote. Hilo nakuahidi."

"Unataka nilitoe?"

"Mimi sijakuomba kitu."

Ilikuwa kweli, hakumwomba kitu. Alimuuliza tu kama amekula, na alipomwona anasitasita akampa nusu ya mkate wake uliokuwa kwenye droo. Bi Koma aliula akishuka ngazi. Aliporudi mezani kwake alilifuta swali, na swali la kumi na mbili likapanda nafasi moja. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu dakika.

Mbele ya kamati mjomba alijibu vizuri. Alikuwa mtu aliyeijua kazi yake, na kwa maswali yote mengine hakuwa na la kuficha. Wajumbe waliridhika, na Bi Koma akapewa kazi ya kuandika ripoti. Ukurasa wa tisa wa ripoti hiyo ulikuwa na sentensi hii: "Kamati imejiridhisha kwamba wananchi wa mitaa yote kumi na minne walishirikishwa ipasavyo." Aliiandika kwa vidole vyake mwenyewe, akaipitia kama ina kosa la tahajia, akampelekea mwenyekiti atie sahihi. Mwenyekiti akatia bila kusoma mara ya pili, kwa kuwa ilitoka kwa Bi Koma.

Mafundi walikuja wiki ya tatu. Walikuwa sita, wakiongozwa na mwenyekiti wa chama chao, mama mmoja mnene wa makamo, mwenye penseli sikioni na vumbi la mbao kwenye nyusi. Mapokezi wakawaelekeza kwa Bi Koma.

"Tumesikia redioni kwamba tumekubali kuhama," alisema yule fundi baada ya salamu. "Tumekuja kuuliza tulikubali lini. Labda tulikuwa tumelala."

Wenzake wakacheka. Bi Koma akawavutia viti.

"Hamkupata taarifa ya kikao?"

"Kikao gani, dada? Karakana yangu iko mwanzo wa mtaa. Hata anayekuja kuuza sindano lazima anipite." Akaketi, akapapasa mguu wa kiti kwa mazoea, kuona kama umekazwa. "Sikiliza nikwambie. Mtu akitaka kitanda anakuja na mkewe. Wanakikalia, wanabishana, wanakwenda zao, kesho wanarudi tena kubishana. Nani atasafiri kilomita kumi na nane kwenda kubishana juu ya kitanda?"

Mlango wa ndani ukafunguliwa, mwenyekiti wa kamati akatoka na mkoba wake begani. Aliwasikiliza akiwa amesimama, mpaka mwisho, bila kuwakatiza.

"Nimewaelewa, na malalamiko yenu nitayapokea kwa maandishi," alisema. "Lakini niseme ukweli, kamati yangu ilikagua. Mnamwona binti huyu? Hapitwi na koma. Pangekuwa na kasoro angeniambia."

Wote sita wakageuka kumtazama Bi Koma. Yule fundi alimtazama kwa matumaini kabisa, kama mtu aliyeambiwa kwamba daktari ndiye huyu. Bi Koma alihisi masikio yanapata moto.

"Nitafuatilia," akasema.

Baada ya siku hiyo roho yake haikuacha kumsuta. Alijaribu kujitetea. Alijiambia kwamba swali moja kati ya maswali ishirini si kitu, kwamba mapitio ya mwakani hayako mbali, kwamba mjomba hakuiba. Kila utetezi ulisimama mpaka alipokumbuka yale maneno, angeniambia. Chakula kilimshinda. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza kama anaumwa, akajibu ni uchovu. Kazini kalamu nyekundu ilimwia nzito. Mhudumu mmoja alimletea barua aikague, akaona kosa mstari wa kwanza kabisa, akairudisha vilevile. Nani kampa yeye haki ya kumsahihisha mtu?

Ripoti ilipangwa kujadiliwa na baraza zima siku ya Alhamisi. Jumanne alipotoka kazini alikwenda kwa mjomba. Mkaza mjomba alimpokea kwa furaha, akamwambia mume wake yuko nyuma ya nyumba anaosha gari. Bi Koma alimkuta ameinama na kitambaa, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Mjomba, kesho nitamwambia Mwenyekiti."

Alikamua kitambaa mpaka maji yakaisha, akaendelea kukikamua.

"Ungeniuliza mbele ya kamati siku ile," alisema hatimaye, "ningejibu. Nilijiandaa kujibu. Ningeaibika siku moja, yakaisha. Ulipolitoa nikadhani umeniokoa, nikakubali kuokolewa. Hilo ni kosa langu la pili."

"Nami langu."

"Lako la kwanza," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Mwambie wewe. Asije akayasikia redioni."

Alimwambia usiku uleule. Mama alikuwa anakunja nguo, akaendelea kuzikunja mpaka rundo likaisha. "Tumekula kwake miaka tisa," alisema, kisha akaenda kulala.

Asubuhi, mwenyekiti wa kamati alimsikiliza mikono ikiwa mapajani. Bi Koma alisema yote, pamoja na ule mkate.

"Miaka ishirini na sita nilikuwa wodini," mwenyekiti alisema. "Ukikosea pale unasema papo hapo. Ukisubiri zamu iishe, mwenzio anakuja anakuta mtu kapoteza maisha. Wewe umesubiri wiki tano."

"Ndiyo, mama."

"Mbona leo?"

"Kwa sababu uliwaambia wale mafundi kwamba ningekuambia."

Mwenyekiti alimtazama muda mrefu. Uso wake haukuwa na hasira, na Bi Koma angeipokea hasira kwa mikono miwili. Ulikuwa uso wa mtu anayepitia upya mambo mengi aliyowahi kuyatia sahihi.

"Toka kidogo," alisema. "Nataka kukaa peke yangu."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bi Koma alikaa benchi la makarani, chini ya jukwaa la spika. Zamu ya kamati ilipofika, mwenyekiti alisimama bila karatasi.

"Mheshimiwa Spika, ripoti yetu ina sentensi ya uongo ukurasa wa tisa. Mtaa wa maseremala haukusikilizwa. Naiondoa ripoti mezani mpaka watakaposikilizwa."

Minong'ono ikaenea. Mjumbe mmoja wa upande wa pili akasimama, akitabasamu, akataka kujua nani hasa aliandika sentensi hiyo.

"Ina sahihi yangu," alisema mwenyekiti.

"Nauliza aliyeandika."

"Nami nimejibu. Ina sahihi yangu."

Mjumbe yule akasema maneno mengi juu ya watu wanaosaini wasichosoma, na ukumbi ukacheka. Mwenyekiti alisimama vivyo hivyo mpaka kicheko kikaisha. Bi Koma aliinamisha kichwa juu ya daftari. Alitamani atajwe, hata kwa kutukanwa, kuliko kukaa pale salama nyuma ya mgongo wa mwingine.

Mwezi haukuisha, barua zikatoka. Yeye alipewa onyo la maandishi na kuhamishiwa chumba cha kumbukumbu, kupanga hotuba za miaka iliyopita. Mjomba alivuliwa ukurugenzi akatakiwa kustaafu mapema, na kabla ya kukabidhi ofisi aongoze mwenyewe kile kikao ambacho hakikufanyika.

Kilifanyika Jumamosi asubuhi, ndani ya karakana kubwa kuliko zote, watu wakiwa wamekalia viti vya kuuzwa ambavyo bado vilinukia vanishi. Bi Koma hakutumwa na mtu. Alikwenda akaketi kwenye kigoda karibu na ukuta, nyuma ya rundo la mbao.

Mjomba alisimama mbele akiwa na koti lake la kazini. Alionekana mfupi.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba mmekubali," alisema. "Sikufika hapa. Naombeni radhi. Na sasa nimekuja kusikiliza, kama bado mna hamu ya kuniambia."

Yule mama fundi akasema, "Ungekuja tu, baba. Viti tungekupa."

Baadhi wakacheka, wengine hawakuona cha kuchekesha. Walizungumza saa nne nzima. Mjomba aliandika mwenyewe, akiwaomba warudie pale alipoachwa nyuma. Mwishowe walikubaliana karakana zibaki, ila wapiga rangi wa mashine waende eneo jipya, kwa kuwa majirani walikuwa wakikohoa. Wapiga rangi walikuwa watatu. Mmoja alisema amechinjwa na wenzake, akaondoka kabla kikao hakijafungwa, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Watu walipotawanyika Bi Koma alisogea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Kwa miguu."

"Panda nikufikishe."

Njiani walizungumza habari ya barabara, na goti la mkaza mjomba lililokuwa likimsumbua. Bi Koma alitaka kuomba radhi akashindwa kujua aombe radhi ya lipi, la kuficha au la kusema. Yote mawili yalikuwa yamekaa kifuani, na moja halikulipunguza lingine. Walipofika nyumbani mjomba hakuzima gari.

"Ingia umsalimie dada yako," Bi Koma alimwambia.

Mjomba aliutazama mlango. "Leo hapana. Nimechoka kusimama mbele ya watu."

Ndani, mama alikuwa dirishani. Kwa mwezi mzima mazungumzo yao yalikuwa ya maji na mafuta ya kupikia tu.

"Nani huyo kakuleta?"

"Mjomba."

"Yukoje?"

"Amekonda."

Mama aliingia chumbani, akatoka amevaa viatu na mtandio, akampita mwanawe mlangoni akaelekea njia iendayo kwa kaka yake. Bi Koma alibaki amesimama. Hakuitwa wafuatane, na hakuthubutu kuuliza kama angeruhusiwa.