Geti Ifunguliwe Yote

Mjukuu wangu Linet alikuwa na alama nyekundu begani, pana kama kiganja chake. Nilipofika Kitale Jumamosi ile kutoka kwangu Mabanga, alikuja kunionyesha kabla sijakaa.

"Kuka, maji ilinichoma."

Mama yake, Jerono, mke wa mwanangu Barasa, alinisalimu kwa heshima akiwa amesimama mbali kidogo. Nyuma yake, kwenye korido, niliona begi limefungwa zipu.

"Mama yangu anakuja saa sita kutuchukua, baba," alisema. "Tutakaa kwake Endebess mpaka bafu itengenezwe. Siwezi kuogesha mtoto na maji ya kutoa ngozi."

Mabomba ya nyumba ile niliyaweka mimi, kila kiungo. Jumapili iliyotangulia nilikuwa hapo hapo, nimekuja kuosha tangi. Tangu siku hiyo maji baridi ya bafuni yalitoka kama uzi, huku ya moto kutoka kwa sola yakija kwa nguvu zote. Barasa aliponipigia simu Jumatatu, nilimjibu papo hapo: ni geti, ifunguliwe yote. Yeye alikuwa kazini Naitiri, akampigia mkewe.

"Uliambiwa habari ya geti?" nikamuuliza Jerono.

"Niliambiwa."

"Ukafungua?"

"Nilifungua yote, baba. Jumatatu hiyo hiyo."

Basi si geti, nikajiambia.

Bafu lenyewe limo ndani ya chumba chao cha kulala, na kwetu Wabukusu baba hakanyagi chumba anacholala mke wa mwanawe. Nikaenda nje, nikasimama chini ya kidirisha cha bafu. Jerono akaingia ndani awe macho yangu.

"Fungua baridi kwa sinki. Inatokaje?"

"Kama mtoto anakojoa."

"Sasa zungusha kichwa cha shawa, ukitoe kabisa. Halafu jaribu."

Nilisikia chuma kikilia, kisha kimya.

"Ni ile ile, baba."

Kwa hiyo si uchafu wa kwenye shawa. Nikaokota fimbo, nikaligonga tangi kutoka chini. Lilikuwa limejaa hadi mabegani. Tangi limejaa, geti limefunguliwa, maji hayapiti. Palibaki mahali pamoja tu: ndani ya ukuta, nyuma ya vigae, kwenye kona ya bomba niliyoiunga mwenyewe.

Saa tano na dakika arobaini. Nikaleta nyundo na tindo, nikapima kwa kiganja, nikatia alama ukutani kwa kipande cha mkaa.

"Baba, unavunja ukuta?"

"Toka hapo ndani. Vigae vitaanguka."

"Na tukivunja halafu bado isitoke?"

"Itatoka," nilisema, nikaelekeza tindo kwenye alama.

Pikipiki ilisimama barabarani. Linet akapita mbio akiita, "Kogo! Kogo!" Bibi yake alikuwa amefika. Nikainua nyundo.

"Mimi sitaki tu lawama," Jerono alisema kutoka dirishani. "Nilifanya vile mlisema. Hiyo geti ilikaa wazi kutwa, mpaka ng'ombe za jirani yetu Chesang zikaingia, zikamaliza sukuma wiki yangu yote. Nikashangaa, ati geti na maji zinajuana wapi."

Nyundo ilibaki juu.

"Geti gani, mwanangu?"

"Si ni hiyo ya barabarani? Kwani kuna ingine?"

Ile koki ya shaba chini ya tangi, yenye kigurudumu chekundu, mafundi tunaiita geti. Nani mwingine anaiita hivyo? Niliiweka nyundo chini, nikaegemeza ngazi, nikapanda.

Koki zilikuwa mbili. Ya kwenda sola ilikuwa wazi. Ya bafu niliishika kuifungua, ikazunguka, ikazunguka tena, mizunguko sita ndipo ikagota. Nikakumbuka. Jumapili niliifunga kwa mkono huu ili nioshe tangi. Mvua ilipoanza niliifungua nusu mzunguko, nikashuka kukimbilia barazani.

Chini maji yalianza kupiga sakafu kwa kishindo.

"Imekuja, baba," Jerono aliita. "Imekuja na nguvu."

Akatoka uani mikono ikidondoka maji. Mama yake alikuwa tayari amelishika begi.

"Shida ilikuwa nini?" mama huyo aliniuliza.

Ningeweza kusema uchafu. Mabomba huziba kila siku na hakuna anayeuliza zaidi. Lakini Linet alikuwa ameinua uso kunitazama juu ya ngazi, mkono wake mmoja ukiwa begani, palepale.

"Ni mimi," nilisema. "Niliosha tangi nikasahau kufungua koki yote. Halafu nikatuma neno ambalo nalielewa mimi peke yangu. Mtoto nimemchoma mimi."

Mama wa Jerono akamgeukia binti yake.

"Unakwenda ama unabaki?"

Jerono alilichukua begi mkononi mwa mama yake, akalirudisha barazani.

"Baba, shuka pole pole, hiyo ngazi ni mbovu," alisema. "Na ukishuka, ufunge geti." Akaonyesha kwa kidole. "Ile ya barabarani."