Sifa Zilizomponza Mahbuba

Katika maktaba ile ya chuo, pale Rajshahi, apandaye cheo huleta rosogolla, vidonge vitamu vya maziwa vilivyolowa shira, na wenzake hula mpaka shira iwachuruzike viganjani. Miaka kumi na miwili Mahbuba alikuwa anakula za wenzake tu.

Safari hii aliyeleta ni Shirin, binti ambaye Mahbuba mwenyewe alimfundisha kuorodhesha vitabu. Mahbuba alimeza moja, akampongeza, akaenda kulia chooni. Tangu siku hiyo kazi ilimtoka moyoni. Vitabu vipya vikarundikana, naye akaandika barua ya kuhamia ofisi ya mabweni, akampelekea mkuu wa maktaba, Mzee Tofazzal.

"Mabwenini ukafanye nini, mwanangu? Ukahesabu magodoro?"

"Magodoro hayanidharau, mzee."

Alipotoka, mzee alimpigia simu katibu wa kamati ya vyeo, akamuuliza kwa ukali kosa la Mahbuba ni lipi.

"Kosa ni lako, mzee wangu," katibu akajibu. "Kila mwaka kwenye ripoti ya siri unaandika kwamba sehemu yake haiwezi kwenda bila yeye. Sasa tukimpandisha akaondoka pale, kazi tumwachie nani?"

Jamani! Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa, maji hakutia hata tone, na bado akanyimwa.

Kesho yake asubuhi mzee alimwita, akamweleza yote bila kujitetea. Kisha akamsogezea ripoti ya mwaka huu, ingawa kanuni zinakataza. Mahbuba akasoma: *Amewafundisha wenzake wote. Sehemu yake inaweza kwenda bila yeye.*

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakujengea, kumbe nakuzibia njia."

Hasira zilimpanda Mahbuba. Miaka kumi na miwili si mchezo. Akainua uso amwambie la kumwambia, akamkuta mzee machozi yanamlengalenga, kalamu ingali mkononi. Badala yake akaigonga ripoti kwa kidole.

"Na ni kweli?" akauliza. "Mnaweza bila mimi?"

"Hatuwezi hata wiki moja."

Mahbuba akacheka huku analia. Kamati ingekaa baada ya miezi miwili, na huenda ingemnyima tena, nani ajuaye. Hata hivyo aliiomba barua yake ya kuhama, akaichana mbele ya mzee, akarudi kazini.